Laptopu Laki Nane na Nusu, Somo Lilelile: Kisa cha Peru

Mwaka 2008 serikali ya Peru ilianza kugawa laptopu ndogo za rangi ya kijani na nyeupe katika shule za msingi, ikitanguliza shule za vijijini zilizo maskini kuliko nyingine. Miaka michache baadaye zilikuwa zimegawiwa zaidi ya 850,000, kwa gharama ya takriban dola milioni 200. Hakuna nchi iliyochukua mashine nyingi kiasi hicho kutoka mradi wa One Laptop per Child, yaani laptopu moja kwa kila mtoto. Na kwa kuwa baadhi ya shule zilizopewa zilichaguliwa kwa bahati nasibu, watafiti waliweza kulinganisha waliopata na waliokosa bila kubahatisha. Jibu lilikuwa zito: katika hesabu na kusoma, watoto wa shule zilizopewa laptopu hawakuwazidi wenzao wa shule zilizokosa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hutajwa sana na kuchambuliwa kidogo. Asiyependa kompyuta darasani hulitaja jibu hilo kisha akafunga mjadala. Anayezipenda husema mashine zile zilikuwa hafifu, intaneti haikuwapo, na mambo siku hizi yamebadilika. Wote wawili hulipita swali ambalo mwalimu yeyote angeuliza kwanza: saa ya hesabu ilipofika, watoto wameketi, laptopu ziko mezani, zilipewa kazi gani? Naamini kisa chote kimo katika swali hilo. Laptopu za Peru ziliingia darasani bila kukabidhiwa sehemu yoyote ya somo, na waliobuni mpango waliona uhuru huo kuwa ndiyo nguvu yake.

Wazo na mashine

Chimbuko la mradi ni chuo cha MIT nchini Marekani. Seymour Papert, mwanahisabati aliyewahi kufanya kazi na Jean Piaget huko Geneva, alishikilia kwa miaka mingi kwamba mtoto hujifunza kwa kina anapounda kitu chenye maana kwake, na kwamba kompyuta ni chombo bora cha kuundia. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 alishiriki kutengeneza Logo, lugha ya programu ambayo mtoto huitumia kumwongoza kobe mdogo achore maumbo kwenye skrini, na kwa kumwongoza kobe huyo akakutana na pembe, vipimo na mantiki. Ni wazo zuri, nami sina ugomvi nalo. Ila majaribio ya Logo yaliyosifiwa yalikuwa na watu wazima walioijua lugha hiyo vizuri, wakikaa na watoto, wakiwauliza maswali na kuwachokoza pale walipokwama. Wazo liliposafiri kwenda mbali, watu hao walibaki nyuma.

Aliyelivalia njuga ni Nicholas Negroponte, mmoja wa waanzilishi wa maabara ya Media Lab chuoni hapo. Januari 2005 alitangaza kwenye mkutano wa uchumi wa dunia huko Davos laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini, na Novemba mwaka huohuo akaionyesha Tunis akiwa na Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo. Mashine iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007 iligharimu karibu dola 188. Kiufundi ilikuwa kazi ya kupongezwa: skrini inayosomeka juani, kibodi ya mpira isiyoingiza vumbi wala maji, umeme mdogo sana wa kuiendesha, na antena zinazoziunganisha laptopu zenyewe kwa zenyewe hata pasipo intaneti. Programu zake zilikuwa huria, yaani yeyote aliruhusiwa kuzitumia na kuzibadili, na sura yake, iliyoitwa Sugar, ilibuniwa kwa ajili ya watoto tangu mwanzo.

Mradi ulikuwa na kanuni tano. Laptopu ni mali ya mtoto na anakwenda nayo nyumbani. Walengwa ni watoto wadogo. Kila mtoto katika eneo apate, asiachwe hata mmoja. Mashine ziunganishwe. Programu ziwe huria. Zisome tena utafute mwalimu yuko wapi. Hayumo. Negroponte alirudia mara nyingi kwamba huu ulikuwa mradi wa elimu na wala si wa laptopu, lakini kanuni zinazousimamisha zinaeleza umiliki, umri, idadi, mawasiliano na leseni. Hakuna hata moja inayogusa namna somo linavyofundishwa.

Kwa nini Peru ilikubali

Ni rahisi kuwacheka viongozi wa Peru leo, na si haki. Nchi hiyo ilikuwa imeshika mkia katika mara yake ya kwanza kushiriki mtihani wa kimataifa wa PISA, mwanzoni mwa muongo huo. Mwaka 2007 walimu wenyewe walipimwa, na ikaonekana kwamba wengi wao walikuwa na upungufu mkubwa wa kusoma kwa ufahamu na wa hesabu za msingi. Vijijini kwenye milima ya Andes shule nyingi zilikuwa na mwalimu mmoja au wawili kwa madarasa yote sita, na watoto wengi waliingia darasa la kwanza wakizungumza Kiquechua au Kiaymara huku vitabu vikiwa vya Kihispania. Kumfunza upya kila mwalimu kungechukua muongo mzima. Laptopu zingefika baada ya miezi.

Kwa hiyo serikali ya Rais Alan García ilifanya hesabu inayoeleweka: ikiwa mwalimu ndiye kiungo dhaifu, mpe mtoto njia ya kumzunguka. Baada ya majaribio katika kijiji cha Arahuay mwaka 2007, mpango ukaanza kwa kasi. Kila laptopu ilikuja na programu kadhaa za kuandika, kuchora, kurekodi, kupiga muziki, kucheza na kuunda programu ndogondogo, pamoja na vitabu 200 vya kielektroniki. Walimu waliandaliwa mafunzo ya saa 40, na si wote walioyapata.

Hapo ndipo penye kosa la kwanza la kufikiri, na naliona hadi leo kwenye mipango mingine mingi. Kama mwalimu ni dhaifu, kumwongezea chombo kipya kisicho na maelekezo ni kumwongezea mzigo. Kumzunguka haiwezekani, maana yeye ndiye anayepanga dakika za siku. Ndiye anayesema, “Fungueni laptopu,” na ndiye anayesema, “Zifungeni.” Mpango uliodhamiria kumruka mwalimu ulimwachia yeye maamuzi yote, bila kumpa cha kuamulia.

Kilichopimwa

Watafiti waliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Mataifa ya Amerika walifuatilia shule 319 za vijijini, nyingine zikiwa na laptopu na nyingine bila, wakapima baada ya takriban miezi 15. Ripoti yao ya kwanza ilitoka mwaka 2012. Upande wa vifaa, mpango ulitimia: shule zisizo kwenye mpango zilikuwa na kompyuta 0.12 kwa kila mwanafunzi, na zile za mpango 1.18. Watoto walizitumia, darasani na nje ya darasa. Asijidanganye mtu kwamba zilikaa kwenye masanduku.

Lakini alama za hesabu na za lugha hazikusogea. Mahudhurio hayakubadilika, wala muda wa kufanya kazi za nyumbani, wala hamu ya shule. Jambo moja linanisumbua kuliko mengine yote: vitabu vile 200 viliingia katika nyumba ambazo nyingi hazikuwa na zaidi ya vitabu vitano, na tabia ya kusoma haikubadilika. Mtu angedhani ukame wa vitabu ndio uliokuwa kizuizi, na kwamba vikifika tu mtoto atasoma. Mtoto ambaye bado anahangaika kuunganisha silabi hasomi kitabu kwa sababu tu kipo. Anahitaji mtu wa kusoma naye, kitabu kinacholingana na uwezo wake, na lugha anayoielewa.

Palikuwa na dalili moja ya heri. Katika majaribio ya jumla ya akili, kama yale ya kukamilisha michoro na kutaja maneno kwa haraka, watoto wenye laptopu walionekana kuwatangulia wenzao kidogo. Wapenzi wa mradi walilishika hilo kwa mikono miwili. Nami ningefurahi lingedumu.

Rekodi zilizohifadhiwa ndani ya mashine zilionyesha pia zilikotumika. Programu ya kuandika, kikokotoo, michezo, muziki, kamera. Zile za kuunda programu, ambazo ndizo zilizobeba ndoto nzima ya Papert, ziliguswa kwa nadra.

Ndani ya saa moja ya hesabu

Hapa sitaki kukimbia, kwa sababu ndipo palipo na jibu.

Chukua somo la kutoa kwa kukopa: 52 toa 27. Kila aliyefundisha madarasa ya chini anajua mahali watoto wanapoanguka. Mmoja ataandika 35, kwa kuwa ameona 7 ni kubwa kuliko 2 akageuza akatoa 2 kwenye 7. Mwingine atakopa kumi lakini asahau kupunguza ile 5, naye apate 35 hiyohiyo. Jibu moja, makosa mawili tofauti, na kila moja linahitaji msaada wake. Mwenzao wa tatu hajui kabisa kwamba 52 ni makumi matano na mbili. Huyo tatizo lake liko nyuma miaka miwili, na maelezo yoyote ya leo yatapita juu ya kichwa chake.

Mwalimu mwenye watoto wengi, tena wa madarasa tofauti katika chumba kimoja, hawezi kuwaona wote watatu. Atasahihisha madaftari jioni, aone 35, aweke alama ya kosa, na kesho aendelee na somo linalofuata. Hilo ndilo tundu katika somo: kugundua mapema nani amekosea na kwa nini, kisha kumpa zoezi la kiwango chake. Kompyuta inaweza kulijaza vizuri sana. Haichoki kutoa maswali, husahihisha papo hapo, hukumbuka kila kosa, na inaweza kumshusha mtoto wa tatu hadi kwenye makumi na mamoja bila kumwaibisha mbele ya wenzake.

Sasa weka darasani laptopu ya Peru. Ina programu ya kuandika, ya kuchora, kikokotoo, michezo. Hakuna ndani yake kitu kinachomwambia mwalimu kwamba Jumanne, katika somo la kutoa, kikundi hiki kifungue hapa na kufanya hiki. Programu hazikufuata mtaala wa nchi. Hazikumpima mtoto. Hazikumrudishia mwalimu taarifa yoyote. Mwalimu aliyetaka kuzitumia katika somo lile ilimbidi abuni mwenyewe, usiku, kila siku, kazi ambayo hata mtaalamu wa mitaala ingemwelemea. Mwenye akili timamu atafanya lililo rahisi: atawaandikisha kwenye skrini kile ambacho jana walikiandika kwenye daftari, au atawaachia wacheze wakimaliza zoezi. Somo likabaki lilelile, na chombo kingine cha kuandikia.

Hata ile kanuni ya kwenda na laptopu nyumbani ilikwama kwa jambo dogo la kibinadamu. Chini ya nusu ya watoto ndio waliozichukua. Wazazi na walimu waliogopa kwamba ikiharibika au ikiibwa wao ndio watakaodaiwa. Unapompa mtu maskini kitu cha thamani bila kumweleza kwa maneno ya wazi nani anabeba hasara, atakilinda kwa kukificha. Makao makuu ya mradi yangelijua hilo kama wangemuuliza mzazi mmoja tu kabla.

Pingamizi tatu

La kwanza: miezi 15 ni michache, vitu vipya huchukua muda. Ni pingamizi la haki, na limejibiwa. Utafiti wa baadaye ulifuatilia shule 531 za vijijini za mpango huohuo kwa kumbukumbu za miaka 10. Ufaulu wa shule haukupanda kadiri miaka ilivyokwenda, na palikuwa na dalili za watoto kuchelewa zaidi kuvuka kutoka darasa moja kwenda jingine. Walipofuatiliwa watoto wenyewe, hapakuonekana tofauti katika kumaliza msingi, kumaliza sekondari wala kuingia chuo kikuu. Ile heri ya majaribio ya akili nayo haikuonekana tena. Kilichobaki ni ujuzi wa kutumia kompyuta: watoto waliupata. Walimu wao, hapana. Baada ya miaka yote hiyo, ujuzi wa kidijitali wa walimu wa shule zenye laptopu haukuwa juu kuliko wa wenzao, na waliitumia teknolojia darasani kwa uchache. Naliona hili kuwa ushahidi mzito kuliko alama za mitihani, kwa sababu linaonyesha mnyororo ulikatikia wapi.

La pili: kasoro ilikuwa kukosa intaneti. Kweli, shule zile za vijijini karibu hazikuwa nayo. Lakini jijini Lima watafiti waligawa kwa bahati nasibu laptopu kama zile watoto wazitumie nyumbani, na baadaye wakafanya jaribio jingine ambalo baadhi ya watoto walipewa na intaneti ya kasi bila malipo. Watoto wakawa mahodari wa laptopu na wa intaneti. Hesabu na kusoma havikubadilika. Katika jaribio la awali la laptopu peke yake, walimu walisema hata bidii ya watoto wale shuleni ilikuwa imepungua. Intaneti huongeza vilivyomo ndani ya mashine. Haimpi mtoto sababu ya kuvitumia kwa ajili ya kutoa 27 kwenye 52.

La tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi: mitihani ya hesabu na kusoma haipimi kile Papert alichokitafuta, yaani ubunifu, kujiamini, mtoto kuwa mwenye mamlaka juu ya mashine badala ya kuwa mtumwa wake. Nalikubali nusu. Ni kweli kwamba kujua kompyuta kuna thamani yake, na kwa mtoto wa kijiji cha mbali thamani hiyo si ndogo. Lakini kama ubunifu ndio uliokuwa lengo, rekodi za mashine zenyewe zinasema programu za kubuni zilitumika kwa nadra. Na mtoto asiyesoma vizuri hawi na mamlaka juu ya mashine yoyote. Kusoma ndiko kunakomfungulia mengine yote, pamoja na hiyo kompyuta.

Mashine kama hizo, matokeo mengine

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kompyuta hazifundishi. India inatuzuia.

Katika mji wa Vadodara, jimbo la Gujarat, serikali ilizipa shule za manispaa kompyuta nne nne, na nyingi zikakaa tu. Shirika la Pratham likaja na mpango mwembamba kuliko wa Peru kwa kila hali: watoto wa darasa la nne, wawili kwa kompyuta moja, saa mbili kwa wiki, wakicheza michezo ya hesabu iliyofuata mtaala na kuongezeka ugumu kadiri mtoto anavyojibu. Pembeni alikaa kijana wa eneo hilo aliyepewa mafunzo mafupi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha ongezeko kubwa la alama za hesabu. Kompyuta chache, zinazotumiwa kwa zamu, zilifanya kile ambacho laptopu moja kwa kila mtoto haikukifanya.

Delhi nako, watafiti walijaribu programu iitwayo Mindspark kwenye vituo vya masomo ya ziada. Ilimpima mtoto kwanza. Ikaonekana kwamba mtoto wa kawaida wa darasa la sita alikuwa nyuma ya mtaala wa hesabu kwa karibu madarasa mawili na nusu, maana yake ni kwamba kila siku alikuwa anakaa mbele ya somo asiloweza kulifikia. Programu ilianzia pale alipo. Nusu ya kipindi alikuwa kwenye kompyuta, nusu nyingine katika kikundi kidogo na msaidizi. Baada ya miezi minne na nusu, maendeleo katika hesabu na Kihindi yalikuwa makubwa kuliko yale tunayozoea kuyaona katika tafiti za elimu.

Na kuna jaribio la tatu, dogo, ambalo ningependa kila mwalimu mkuu alijue. Gujarat hiyohiyo, programu moja ya hesabu ilitumika kwa njia mbili. Mahali pamoja ilichukua nafasi ya vipindi vya kawaida vya mwalimu. Watoto wakajifunza pungufu kuliko wasiokuwa nayo. Mahali pengine iliongezwa baada ya vipindi. Watoto wakapanda, hasa waliokuwa dhaifu. Programu haikubadilika hata kitufe. Kilichobadilika ni ilichokiondoa ilipoingia. Dakika za shule zina mipaka, na kila dakika ya kompyuta imechukuliwa kutoka kwa kitu fulani. Ukiiondoa kwenye ufundishaji mzuri umepoteza. Ukiiondoa kwenye kunakili ubao huenda umepata. Peru haikuuliza dakika za laptopu zitoke wapi.

Ningefanyaje na laptopu zilezile

Tuseme mashine zimeshanunuliwa, hazirudishwi. Shule ina walimu wawili na watoto wa madarasa sita. Mwalimu anapofundisha darasa la tatu ubaoni, madarasa mengine mawili katika chumba hicho husubiri au hunakili. Dakika hizo za kusubiri ndizo ningezikabidhi kwa laptopu, na hizo tu. Kwa mwaka wa kwanza ningeweka somo moja, hesabu, programu moja yenye ngazi inayompima mtoto na kumwanzisha alipo, na kwa shule za Andes maelekezo yake yasomwe kwa sauti katika Kiquechua au Kiaymara. Programu nyingine zote zisubiri. Mashine haikuhitaji intaneti kwa hilo. Antena zake zingetosha kukusanya majibu ya watoto kwenye laptopu ya mwalimu.

Mwishoni mwa kipindi mwalimu angeona orodha fupi: nani amekwama, katika hatua gani. Kesho asubuhi angewaita hao wanne mezani kwake kwa robo saa. Saa 40 za mafunzo zingetumika karibu zote kwenye robo saa hiyo: namna ya kusoma orodha, maswali ya kumuuliza aliyeandika 35, vijiti vya kuhesabia vya kumwonyesha makumi. Wala zisingetolewa kwa mkupuo. Saa nane kabla ya kuanza, zilizobaki zikigawanywa mwaka mzima kupitia mtu anayepita shuleni, akae nyuma ya darasa, aone, azungumze na mwalimu baada ya watoto kutoka. Mtu huyo anagharimu fedha. Kwa dola milioni 200 wangepatikana wengi, hata kama ingebidi laptopu zipungue zishirikiwe kwa zamu kama Vadodara.

Uwezekano wa kubadili njia upo, na Uruguay inatupa mfano. Nayo ilianza mwaka 2007 na laptopu zilezile, chini ya mpango wa Ceibal, na kufikia 2009 ilikuwa imempa kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali. Utafiti wa mwanzo nako haukuona badiliko katika hesabu wala kusoma. Lakini Ceibal ilikuwa chombo cha kudumu chenye mafundi wa matengenezo, intaneti mashuleni na watu wa kufikiria mitaala, kwa hiyo iliweza kuuliza tena mashine zifanye nini. Tundu moja lilikuwa dhahiri: walimu wa Kiingereza hawakutosha. Kuanzia mwaka 2012 wakaweka mpango ambao mara moja kwa wiki mwalimu wa Kiingereza anafundisha kupitia video akiwa mbali, na vipindi viwili vinavyofuata mwalimu wa darasa, hata kama Kiingereza chake ni cha kuanzia, anarudia na watoto akifuata andalio walilopanga pamoja. Katika hesabu wakaleta jukwaa la mazoezi yanayofuata kiwango cha mtoto. Yule mwalimu wa darasa, ambaye kanuni tano za mwanzo hazikumtaja, alirudishwa kwenye mpango akiwa na ratiba mkononi na mwenzake kwenye skrini.